Mtoto anaumwa kichwa na hauoni mlango pembeni: mleteni sasa

Nafanya kazi ya macho hapa Tanga. Haya ndiyo wazazi wananiuliza kila mara kuhusu uvimbe wa kichwani uitwao kraniofarinjioma, na ndiyo yanayonikera kwa sababu huwa wamechelewa.

Kraniofarinjioma ni nini?
Ni uvimbe usio saratani. Huota chini ya ubongo, jirani na pituitari, tezi ndogo inayotoa homoni, ikiwemo ya kukua, na pale neva za macho mawili zinapokutana. Ni nadra, lakini unampata mtoto na hata mtu mzima.

Kama si saratani, haraka ya nini?
Haraka ni macho. Uvimbe huu hauhitaji kusambaa ili uharibu. Unabana tu pale ulipo. Neva ya jicho ikibanwa muda mrefu hufa, na ikifa hairudi. Miwani inayouzwa mezani mtaani Ngamiani haiirudishi. Kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa, haliirudishi.

Tumeambiwa ni jini, tumalize kwanza siku za dawa ya mganga?
Hapana. Siwakatazi dua, someni huku mko njiani kwenda hospitali ya Bombo. Kila wiki ya kusubiri inakatwa kwenye macho ya mtoto.

Nitaijuaje?
Kichwa kinauma asubuhi, anatapika bila homa, na panadol hazisaidii wiki hata wiki. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango, kikombe kilicho pembeni hakioni. Anaamka usiku kunywa maji mtungini, kisha anakojoa, kisha anakunywa tena. Na hili kina mama hulisema kwa furaha: viatu vya shule vya mwaka juzi bado vinamtosha! Mama, mtoto wa miaka tisa ambaye mguu haukui hajakuokolea hela. Huenda tezi yake haitoi homoni ya kukua.

Ni ugonjwa wa ukoo?
La. Jeni, yale maelekezo yaliyo ndani ya seli, hubadilika ndani ya seli za uvimbe wenyewe. Hakuna aliyelaaniwa, na mama hakukosea alipokuwa mjamzito. Kwa aina inayowapata watoto zaidi, jeni iitwayo CTNNB1 ina hitilafu, protini ya beta-katenini inarundikana, na seli zinaendelea kuamriwa ziote. Aina ya pili, ya watu wazima, mara nyingi ina badiliko liitwalo V600E kwenye jeni ya BRAF.

Kujua jeni kunasaidia nini?
Kunaonyesha mahali pa kulenga. Kwa aina ya BRAF, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 uliwapa wagonjwa dawa mbili, vemurafenib pamoja na kobimetinib, na kwa 15 kati ya 16 uvimbe ulinywea sana. Kwa aina ya watoto bado hatuna dawa ya namna hiyo. Tegemeo ni upasuaji, na mara nyingi mionzi, ndiyo maana wengi hupelekwa Dar es Salaam.

Amepasuliwa, ana nguvu, tuache vidonge?
Msiache! Kama anapewa haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la homoni ambayo mwili wake hautoi, kuikatisha ghafla kunaweza kumuua. Akitapika au akipata homa, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo na mseme anatumia nini.

Naweza kumpima nyumbani?
Mkalishe mbele yako, mzibe jicho moja, aitazame pua yako. Leta kidole taratibu kutoka upande wa sikio lililo karibu na jicho lililo wazi, kisha badilisha jicho. Asipokiona mpaka kifike karibu na uso, msingoje mnada wala mwisho wa mwezi. Akikiona lakini kichwa bado kinauma kila asubuhi, mleteni vilevile.