Valvu ya baiskeli inayovuja: dhana potofu na ukweli wake

Baiskeli ikiegeshwa jioni tairi likiwa gumu na kukutwa asubuhi limelala, wengi wetu hapa Kisumu husema neno moja tu: pancha. Tyubu hutolewa, huzungushwa ndani ya karai la maji, na tundu lisipoonekana, kiraka hubandikwa pale panapodhaniwa kuwa pamechakaa. Kesho yake tairi limelala tena. Nimemwona mchuuzi wa samaki wa Dunga akinunua tyubu mbili katika wiki moja, ilhali kilichoharibika kilikuwa kipande cha mpira cha ndani ya valvu, chembamba kuliko penseli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno yanayosemwa vibandani kuhusu valvu, na mengi kati yake yanawagharimu watu ambao baiskeli ndiyo inayowalisha.

"Karai lisipotoa mapovu, valvu ni nzima"

Karai ni kipimo kizuri cha tundu la mwiba, lakini kwa valvu lina upungufu. Anayezungusha tyubu majini mara nyingi huishika penye valvu, kwa hiyo sehemu hiyo ndiyo inayobaki nje ya maji. Isitoshe, tyubu isiyo ndani ya tairi haiwezi kubeba upepo wenye nguvu. Hufura tu kama puto, na valvu inayovuja tairi likiwa gumu huenda ikatulia kabisa upepo ukiwa kidogo. Valvu hupimwa gurudumu likiwa limefungwa na tairi likiwa limejazwa. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe karibu na ardhi, mdomo wake ukielekea juu, ondoa kifuniko, paka povu la sabuni mdomoni na kuzunguka nati, kisha subiri dakika moja au mbili, kwa maana uvujaji unaomaliza upepo usiku kucha hutoa povu dogo linalokua polepole. Unaweza pia kuipandisha valvu juu ya gurudumu ili mdomo uelekee chini, ukautumbukiza katika kikombe cha maji.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili. Upepo ukisikika ukitoka kwenye tundu la rimu ambamo valvu hupita, valvu hulaumiwa papo hapo. Ukweli ni kwamba upepo wa tundu lolote la tyubu husafiri ndani ya tairi na kutafuta njia ya kutokea, na tundu la valvu ni mojawapo ya njia hizo, pamoja na matundu ya spoki. Katika hali hiyo tyubu lazima itolewe na kukaguliwa yote.

"Ikivuja, ikaze kwa koleo"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu valvu nyingi zaidi, na chanzo chake ni kutojua jinsi valvu inavyofanya kazi. Baiskeli nzito za kazi, zile zinazoitwa Black Mamba, kwa kawaida hutumia valvu iliyobeba jina la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast na aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Ndani ya valvu hiyo mna kijiti cha chuma chenye tundu dogo ubavuni, na kijiti hicho huvishwa mpira mwembamba unaolifunika tundu. Unapopiga pampu, upepo hupitia ndani ya kijiti, hutokea kwenye tundu, huusukuma mpira kwa nje na kuingia katika tyubu. Ukiacha kupiga, upepo ulioko ndani huubana mpira huo juu ya tundu. Anayeifunga valvu ni upepo wenyewe, na kazi ya nati ya juu ni kukishikilia kijiti mahali pake tu. Mpira ukiwa umepasuka, umeanza kunata kwa joto au umelegea kwa uzee, hakuna nguvu ya koleo itakayoufanya uzibe tena. Kitakachotokea ni uzi wa nati kuliwa, na hapo gharama huanza kuwa ya tyubu nzima.

Dawa yake ni mpira mpya. Toa upepo kwanza kwa kulegeza nati taratibu, kwa sababu kijiti kikifunguliwa ghafla tairi likiwa limejaa kinaweza kufyatuka na kumpiga mtu usoni. Vua mpira wa zamani wote, futa kijiti, lowesha mpira mpya kwa maji na uuvishe mpaka upite tundu na kufika kwenye bega la kijiti, mahali ambapo hubanwa nati inapofungwa. Wengi hukata mpira mfupi ili kimoja kitoshe baiskeli mbili. Tundu hufunikwa, lakini bega hubaki wazi, na upepo hutoka kando ya nati huku mwenye baiskeli akizidi kuikaza. Mpira ukiwa na urefu unaofaa, vidole vinatosha kuifunga nati hiyo. Wanaoongeza kipande cha mfuko wa plastiki kwenye uzi wanaficha uvujaji kwa siku chache tu.

Baiskeli za milimani na za watoto huwa na ile tunayoiita valvu ya gari, ambayo August Schrader na mwanawe George waliianzisha New York, na hataza yake ikatolewa mwaka 1893. Hii ina sindano yenye springi, na hapa koleo halina hata mahali pa kushika. Mara nyingi kinachoifanya ivuje ni punje ya mchanga iliyokwama chini ya sindano, kwa hiyo ibonyeze mara mbili tatu ili upepo uitoe nje. Isipokoma, ikaze sindano kwa kifaa chake chenye ncha mbili, ambacho kwenye baadhi ya vifuniko vya chuma ndiyo ncha ya kifuniko chenyewe, na usimame mara tu unapohisi imegota. Ikiendelea kuvuja, badilisha sindano. Tyubu haina kosa.

"Oili hulainisha mpira ukazibe vizuri"

Oili na grisi hula mpira. Mpira mwembamba wa valvu uliopakwa oili huvimba, hulegea na kuacha kubana. Maji ya sabuni, au hata mate, yanatosha kuuvisha.

"Pampu ikiwa nzito, tairi limejaa"

Kwa valvu yenye mpira, anayepiga pampu anashindana na vitu viwili kwa pamoja: upepo ulioko ndani ya tairi na mpira unaong'ang'ania kijiti. Mpira uliokauka au ulioganda juu ya tundu unaweza kuifanya pampu kuwa nzito tangu pigo la kwanza, tairi likiwa nusu tupu. Liangalie tairi mzigo ukiwa juu ya keria: likilala pembeni na rimu kukaribia ardhi, bado halijajaa. Kinyume chake, kuikimbilia mashine ya upepo ya kituo cha mafuta kunahitaji uangalifu mkubwa, kwani tairi la baiskeli lina nafasi ndogo sana kuliko la gari na hujaa kwa muda mfupi mno. Kiwango kisichopaswa kuvukwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

"Valvu iliyoinama ni valvu iliyolegea"

Mwendeshaji akiona valvu imeegemea upande mmoja ndani ya tundu la rimu, huifunga nati ya chini kwa nguvu ili isimame. Kwa kufanya hivyo anaiumiza zaidi. Valvu huinama kwa sababu tairi na tyubu vimezunguka kidogo juu ya rimu, huku shina la valvu likizuiwa na tundu. Hilo hutokea upepo unapokuwa kidogo, mzigo ukawa mzito na breki zikavutwa ghafla, jambo la kawaida kwa anayebeba abiria au makreti barabara ya Ahero. Shina likivutwa hivyo siku baada ya siku, mpira wa kitako chake huchanika. Mchaniko huo hauzibiki vizuri kwa kiraka, kwa sababu kiraka kinahitaji mahali bapa pa kushika, na kitako cha valvu kina kuta na hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Nakubali kwamba wapo mafundi hodari wanaojaribu, lakini mimi sijaona kiraka cha kitako kilichodumu, na ningemshauri mtu yeyote anunue tyubu nyingine badala ya kulipia kazi hiyo mara tatu.

Kitako kikiwa bado kizima, marekebisho hayagharimu chochote. Toa upepo wote, legeza nati ya rimu, minya tairi pande zote ili litengane na rimu, kisha lishike kwa mikono miwili na kulizungusha pamoja na tyubu mpaka shina lisimame wima katikati ya tundu. Sukuma shina ndani kidogo ili tyubu isibanwe na ukingo wa tairi, lirudishe, jaza upepo nusu, kagua kama bado limesimama, ndipo ujaze kabisa. Ile nati inayogusa rimu ifungwe kwa vidole tu; kazi yake ni kuzuia shina lisiteleze ndani wakati wa kupiga pampu. Kama tundu la rimu limekuwa kubwa kuliko shina, kama inavyotokea valvu nyembamba ya baiskeli za mbio inapowekwa kwenye rimu ya valvu ya gari, weka bushi ya mpira au ya plastiki kuzunguka shina kabla ya kufunga, la sivyo ukingo wa chuma utalikata polepole hata upepo ukiwa wa kutosha.