Uzi kutoka kwenye chupa: siri iko kwenye kuvuta

Ninapoanza somo la polima, yaani vitu vyenye molekuli ndefu kama minyororo, huweka mezani chupa tupu ya maji na shati la poliesta, kisha nauliza vina undugu gani. Darasa hucheka. Kumbe ni kitu kilekile: plastiki iitwayo PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya chupa. Wanakemia Whinfield na Dickson walipoivumbua Uingereza mwaka 1941 walikuwa wakitafuta uzi. Chupa zilikuja miaka mingi baadaye.

Kabla ya kuyeyusha chupa ili upate uzi, hakikisha ile namba. Namba 3 ni plastiki ya PVC, ambayo ikipata moto hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, kwa hiyo isikaribie jiko. Kifuniko na pete yake ni plastiki nyingine, viondoe.

Kata chupa vipande; vipande vioshwe, vikauke kabisa. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, na uzi wangu ukawa unakatika kila ninapouinua. Plastiki ikiwa imeyeyuka, hata unyevu kidogo hukatakata minyororo ya molekuli, na minyororo mifupi haishikani.

PET huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 (hizi si zile nyuzi tunazozitafuta). Mimi hutumia jiko la umeme la bamba, madirisha wazi, miwani na glavu, maana plastiki ya moto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ikianza kuwa kahawia, umepitiliza. Chovya fimbo ya kioo, inua bila kusita: uzi mwembamba kama wa buibui unafuata na kuganda hewani.

Walimu wengi huishia hapo. Kwangu somo ndiyo kwanza linaanza. Chagua uzi mnene kidogo, shika ncha zote mbili, vuta polepole. Hauwi mwembamba wote kwa pamoja. Mahali pamoja panabonyea kama shingo, shingo inatembea, uzi unarefuka mara kadhaa, halafu ghafla unagoma. Molekuli zilizokuwa zimesokotana kama nywele zisizochanwa sasa zimelala upande mmoja, na hapo ndipo uzi unapata nguvu zake.

Kisha chukua chupa nzima, iweke ndani ya beseni, uimwagie maji yanayokaribia kuchemka. Inajikunyata, kwa sababu nayo ilivutwa ilipopulizwa kiwandani. Waambie wautazame mdomo wake: umebaki vilevile. Haukuwahi kuvutwa.