Msiniletee Kanuni ya Kumi

Kila likizo ya shule ikikaribia naletewa karatasi ileile. Mtu kabuni mchezo wa kucheza na wenzake, kauchora vizuri, safari inaanzia Muheza inaishia Raskazone, njiani kuna mashimo na "rudi Pongwe ukaanze upya", halafu pembeni kanuni zimejaa mpaka ukingoni. Nikimuuliza shida nini, hauna utamu. Na dawa kashaipata mwenyewe: aongeze kanuni. Jamani! Kubuni michezo ya karatasi kwa vijana wa hapa Tanga ndiyo kazi yangu, na leo naomba tulimalize hili.

Mchezo unaochosha aghalabu una moja ya maradhi mawili. Ama mshindi anajulikana mapema na wengine wanamsindikiza tu, ama mshindi hapatikani kabisa. Ule wa miraba tisa, msalaba na sifuri, unaumwa haya ya pili: wawili wasiokosea watatoka sare leo, kesho na mtondogoo. Bandika juu yake kanuni unazotaka, kama sare hujaigusa hujatibu kitu.

Sasa tazama Sim, mchezo ambao Mmarekani Gustavus Simmons aliandika kuuhusu mwaka 1969. Weka nukta sita kwa duara. Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Kwa zamu, kila mmoja anaunganisha nukta mbili ambazo bado hazijaunganishwa. Atakayefunga pembetatu ya rangi yake mwenyewe, pembe zote tatu zikiwa juu ya nukta, kashindwa. Mistari ikikatana katikati, hapo si pembe. Lisemeni hilo kabla ya kuanza, maana ndipo ugomvi wa barazani unapozaliwa. Basi, kanuni zimekwisha. Mistari yote ni 15, na sare haipo.

Hapo ndipo ninapobishiwa. "Haiwezekani, ipo siku itatokea." Haitatokea, ndugu yangu. Tuseme karatasi imejaa, mistari yote 15 imechorwa. Weka kidole kwenye nukta yoyote: inatoka mistari mitano. Rangi ni mbili tu, kwa hiyo angalau mitatu ni ya rangi moja. Tuseme ni ya bluu, na imekwenda kwa Asha, Bakari na Chausiku (nukta nazipa majina, watoto wanashika haraka). Haya, angalia mistari inayowaunganisha hao watatu wenyewe kwa wenyewe. Mmoja ukiwa wa bluu, pembetatu ya bluu imefungwa. Hakuna wa bluu hata mmoja? Basi yote mitatu ni nyekundu, na hiyo nayo ni pembetatu. Punguza nukta ziwe tano uone: pande tano za nje bluu, mistari mitano ya ndani nyekundu, na hakuna aliyefunga kitu. Nukta moja tu ndiyo iliyofukuza sare. Hakuna aliyeongeza kanuni.

Kwa hiyo ukibuni wako, badilisha kitu kimoja, cheza, ndipo uguse kingine. Mfano, geuza Sim: anayefunga pembetatu ashinde. Linaonekana jambo dogo, lakini mchezo unakufa papo hapo. Anayeanza, akijua kuchagua, mstari wake wa pili unatishia, mwenzake anaziba; wa tatu unatishia pande mbili kwa mpigo, na wa kuziba ana zamu moja. Mstari wa nne, kwisha.

Sim yenyewe kompyuta zilishaichambua: wa pili kucheza, asipokosea, anashinda. Wapo wanaosema basi imeharibika. Mimi sioni hivyo, kwani binadamu gani ataikariri njia yote hiyo kichwani huku mwenzake anamkodolea macho? Ila kuna jambo linanikera na sijalipatia jibu: ipo michezo ambayo kwenye hesabu haina dosari, na vijana wanaicheza mara moja wakakimbilia mpira. Hesabu inakwambia mchezo hautakwama. Utamu hauupimi kwa hesabu.

Kupima kanuni ni rahisi. Ziandike, wape wawili wasiojua chochote, ukae kimya. Ukilazimika kufungua mdomo, kanuni hiyo iandike upya au ifute. Wanayoisahau mara zote, ifute bila huruma.

Na kwa wale wanaouliza "je, tukiwa watatu?": kwa rangi tatu, sare haiondoki mpaka nukta zifike 17, yaani mistari 136. Daftari la hesabu halitatosha, na subira yenu pia. Wa tatu asubiri acheze na mshindi.