Kwa Nini Mtungi wa Dar es Salaam Haupozi Kama wa Dodoma

Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo hupoza maji pasipo umeme, jambo linalomtatiza mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kuwa joto haliendi lenyewe kutoka kwenye kitu cha baridi kwenda kwenye cha moto. Maji ya mtungini yakiwa na nyuzi 29 na hewa ya nje nyuzi 32, joto lilipaswa kuingia, na kwa hakika linaingia: hewa inayozunguka hulileta kwa myuko, bati lililopigwa na jua huliongeza kwa mnururisho, na ukuta wa udongo hulipitisha hadi ndani kwa mpitisho. Linaloyazidi nguvu haya yote ni uvukizi, yaani maji kugeuka mvuke.

Ukiupapasa mtungi kwa nje utaukuta umelowa, kwa kuwa maji hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo (mtungi uliopakwa rangi ya mafuta, hata upendeze vipi, haupozi). Molekuli (chembe ndogo kabisa za maji) zenye mwendo mkubwa ndizo zinazotangulia kutorokea hewani, na maji yanayobaki hushuka jotoridi. Kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji nishati ya kilojuli 4.2, ilhali kuigeuza kilo hiyo kuwa mvuke katika jotoridi la kawaida huchukua takriban kilojuli 2,400. Kwa hiyo gramu 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zikivukizwa huondoka na kilojuli 24, ambazo zikitoka zote kwenye kilo 1 ya maji huipoza kwa zaidi ya nyuzi 5.

Tatizo la Dar es Salaam ni Bahari ya Hindi. Hewa ya pwani tayari imebeba mvuke mwingi, na molekuli nyingi zinazotoroka hufidiwa na nyingine zinazorudi. Katika hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, uvukizi hauwezi kuyashusha maji chini ya nyuzi 27 hivi. Unyevu ukiwa asilimia 30, kama inavyoweza kuwa Dodoma wakati wa kiangazi, yanaweza kukaribia nyuzi 20.

Jasho la Februari hufuata hesabu hiyo hiyo. Feni haipozi hewa ya chumba. Kazi yake ni kuondoa tabaka la mvuke lililoganda juu ya ngozi ili jasho lipate kukauka, na ndiyo maana ukiielekeza kwenye chupa kavu ya maji ya baridi, maji hayo yatapata joto upesi zaidi.