Saini ya Mkataba Si Mwisho wa Vita

Katika makundi ya WhatsApp hapa Dar es Salaam unazunguka, mwaka baada ya mwaka, ujumbe wenye picha ya viongozi walioshikana mikono, unaodai kwamba vita huisha siku mkataba unapotiwa saini, na kwamba damu ikimwagika baadaye basi mkataba ulikuwa wa uongo.

Sivyo ilivyo. Mkataba wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, lakini makundi makuu ya waasi hayakuwemo, na kundi la mwisho lilitia saini ya kusitisha mapigano Septemba 2006, tena hapa hapa Dar es Salaam. Ireland ya Kaskazini ilipata mkataba wake Aprili 1998. Agosti mwaka huohuo bomu liliua watu 29 mjini Omagh. Hadi leo, mjini Belfast, zipo kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, na baadhi ya mageti yake hufungwa usiku. Hata hivyo mauaji yalipungua mno, na hilo ndilo la kupima.

Tunachanganyikiwa kwa sababu saini ina picha, ilhali kukusanya silaha, kuunganisha majeshi na kurudisha wakimbizi huchukua miaka bila kamera. Anayetaka kuhakiki aulize: nani hakutia saini, na silaha ziliwekwa chini lini?

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Huenda anayeusoma ni mkimbizi aliyeko Kigoma, anayepima kama arudi kwao.