Jivu na kifusi kwenye zege: jua unachoweka

Watu wengi wakisikia zege la taka wanadhani ni kuzika takataka ndani ya msingi wa nyumba, hapana, siyo hivyo kabisa, ni kutumia taka kama jivu, kifusi, chupa na tairi badala ya sehemu ya simenti au kokoto.

Mzigo mkubwa uko kwenye simenti. Kuipata unachoma mawe ya chokaa kwenye tanuri mpaka karibu nyuzijoto 1450, na hata moto uwe safi namna gani lile jiwe lenyewe linatoa hewa ukaa likiungua, ndo maana simenti peke yake inabeba kama asilimia 8 ya hewa ukaa inayotoka kwa shughuli za binadamu. Kwa hiyo ukibadilisha kokoto tu umeokoa mlima na dampo, vizuri, lakini hewa ukaa ya simenti iko palepale.

Sasa, kupunguza simenti yenyewe, chukua jivu la pumba za mpunga. Limejaa silika, kitu kilekile kilichojaa kwenye mchanga, na simenti ikikutana na maji huwa inaachia chokaa ya ziada, basi silika inaidaka hiyo chokaa wanatengeneza gundi ileile inayoshika kokoto. Ila pumba zichomwe kwa moto wa kiasi, nyuzi 600 hadi 700 hivi, moto ukizidi sana silika inageuka fuwele na haifanyi kazi tena, ukipungua jivu linabaki jeusi lina mkaa na linakunywa maji. Tunalolitaka ni la kijivu cheupe, limesagwa mpaka ukilifikicha kwenye vidole halikwaruzi. Jivu la kuzoa tu jikoni siyo hilo, naomba sana.

Jivu la makaa ya mawe lenyewe ni la polepole, ukipasua kipande cha zege lake cha siku 7 kupima nguvu unaweza kukata tamaa, cha siku 90 mara nyingi kimelipita zege la kawaida, lakini kama ulimwagilia maji! Ukimwagilia siku tatu ukaacha umeliua mwenyewe.

Kifusi cha zege la zamani kina ngozi ya simenti yenye vitundu, ukikitia kikavu kinanyonya maji ya mchanganyiko, fundi anaona zito anaongeza maji, nguvu inapotea hapo. Kiloweke usiku kucha, kichuje, kiwe kimeshiba ila hakichuruziki.

Chupa zisagwe ziwe unga, vipande vikubwa vinaweza kuvimba ndani na kupasua zege. Chenga za tairi zinapunguza nguvu, ziwekeni kwenye njia za miguu, kwenye nguzo hapana.