Kombe la mbio za magari: kusubu si kuchonga

Msimu wa Safari Rally ukikaribia Naivasha, kaunti yote ya Nakuru huzungumzia magari, na lugha ya makombe huharibika. Utasikia kombe la aluminiamu lenye umbo la gari “limechongwa”. Halikuchongwa, lilisubiwa.

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu, yapoe na kushika umbo lake. Kuchonga ni kupunguza kitu kigumu mpaka umbo libaki. Basi.

Tofauti hiyo inagusa kila kitu, kuanzia umbo lenyewe. Jiwe la Tabaka, kule Kisii, ni laini na huchongwa vizuri likiwa limelowa, kisha hupigwa msasa wa maji na kupakwa nta. Lakini spoki nyembamba za rimu hazikai: zikigongwa kidogo tu, zinakatika. Anayechonga gari la mawe huacha magurudumu yakiwa mazima na kuyashikanisha na kitako. Aluminiamu hubeba spoki hizo bila shida.

Ila aluminiamu ina masharti yake. Husinyaa ikipoa, kwa hiyo mfano wa mbao, unaoshindiliwa mchanga kisha kutolewa ili ubaki uwazi wa kalibu, hutengenezwa mkubwa kidogo: kombe la milimita 300 huhitaji mfano wa karibu 304. Pande za mfano huinamishwa kama nyuzi 2 ili utoke bila kubomoa mchanga. Palipojikunja kwa ndani, kama chini ya madigadi, mchanga utang'oka tu. Hapo ni heri mfano wa nta unaoyeyushwa na kumwagwa kabla ya kumimina. Mchanga ukizidi maji, mvuke huingia kwenye madini na kombe hutoka na vitundu. Pistoni kuukuu ndizo chakavu nzuri, maana aluminiamu yake ina silikoni na hutiririka mpaka kwenye kona nyembamba. Nyaya za umeme ni nzito kumiminika. Chakavu yoyote ipashwe moto ikauke kwanza. Tone la maji chini ya madini yaliyoyeyuka hulipuka, na hilo si jambo la kubahatisha.

Sehemu nene, kama kitako, hupoa mwisho na kubonyea. Fundi huweka juu yake shimo la akiba ya madini, kisha hulikata baadaye.

Kuna pia hesabu. Dereva na navigeta, yaani msaidizi anayemwelekeza njia, hupewa kombe kila mmoja, kwa hiyo nafasi tatu ni makombe sita. Mfano mmoja wa mbao hutoa yote sita, kila moja kwa kalibu yake ya mchanga. Kwa jiwe, kila moja huanza upya na hayatalingana sawasawa. Na mteja anayesema “punguza boneti kidogo” wakati kombe limeshapoa anaomba kuchonga. Kwa lililosubiwa, badiliko kubwa hurudi kwenye mfano.

Patasi huingia mwishoni, kwenye kibao cha jina la mshindi. Hapo “kuchonga” ni sahihi kabisa. Kwa mengine, mwambie fundi “tusubieni makombe sita ya aluminiamu” au “tuchongeeni sita ya mawe ya Kisii”, naye atajua aagize pistoni au mawe.